Jinsi ya Kumtoa Santa Dukani: Mwongozo Kamili wa Krismasi kwa Wazazi wa Malindi

Kila Januari shule zikifunguliwa, mzazi mmoja au wawili hunivuta pembeni mlangoni pa darasa langu la PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) wakanipa malalamiko yaleyale. Mtoto ana miaka 5 au 6, na tayari hamwamini Santa. Hakuambiwa na kaka yake wala na mtoto wa jirani. Amejionea mwenyewe. Januari iliyopita kijana mmoja alilitangazia darasa zima, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza uchunguzi wake: "Santa yule anauza magodoro. Nimemwona kwenye bango."

Sikuwa na la kumjibu. Kweli anauza magodoro. Anauza pia soda, friji, bando za intaneti na mikopo ya simu.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni moja. Mzazi akiona imani ya mtoto inapungua, anaongeza vitu: taa zaidi, zawadi kubwa zaidi, picha ya kupigwa na Santa wa supamaketi. Anamrudisha mtoto palepale alipovunjikiwa na imani. Mwongozo huu unakwenda upande mwingine. Una hatua nane, unaanza katikati ya Novemba, na gharama yake haifiki bei ya kuku wa Krismasi.

Ni kwa nyumba zinazosherehekea Krismasi na zinazomtaka Santa. Kama kanisa lenu au mwenzi wako hamtaki, usilazimishe. Mtoto atakula pilau, atavaa nguo mpya, atakwenda ufuoni, na siku yake itakamilika.

## Vitu vya kuandaa

Vingi unavyo nyumbani. Vikusanye kabla ya tarehe 1 Desemba, uviweke mahali pamoja.

- Kikapu kimoja cha ukili kwa kila mtoto, kidogo. Soksi sahau. Hapa kwetu soksi ni za shule, na Desemba zimeshapotea.
- Leso kuukuu au kipande cha kikoi cha kufungia zawadi, na kamba ya katani au ukili.
- Kalamu ya rangi ambayo mtoto hajawahi kuiona mkononi mwako.
- Tawi la mvinje. Okota lililoanguka ufuoni au kando ya barabara ya Casuarina. Usikate mti wa watu.
- Sahani, kawa, na sinia lenye kingo. Utaona kwa nini.
- Makubazi ya mtu mzima ambayo mtoto hayajui, jozi kamili.
- Ndoo ndogo ya mchanga mkavu.
- Zawadi moja kwa kila mtoto, isiyozidi shilingi 200.
- Mtu mzima mmoja wa siri asiyelala kwenu: mjomba, shangazi, jirani mnayeaminiana.

Huyo wa mwisho ndiye watu wengi humsahau, na ndiye anayeokoa mambo mara nyingi kuliko vitu vingine vyote.

## Hatua ya 1: Wakubwa wakubaliane hadithi moja (katikati ya Novemba)

Kaa na kila mtu mzima anayeishi na mtoto: baba, nyanya, dada wa kazi, na binamu wakubwa wanaoshuka kutoka Nairobi shule zikifungwa. Kubalianeni sentensi tatu tu, zisizozidi hapo. Zetu ni hizi:

Santa huja usiku wa tarehe 24, watoto wakiwa wamelala. Huja na upepo wa kaskazi. Huacha kitu kimoja kidogo barazani, haingii ndani.

Kila sentensi ina sababu yake. Kaskazi ni upepo ambao mtoto wa Malindi anaujua kwa ngozi. Mwezi wa Desemba umeshashika, unavuma kutoka kaskazini mashariki, na ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni. Kwa hiyo mgeni kutoka kaskazini kuletwa na upepo huo si jambo la kumshangaza. Theluji na kulungu wa kwenye matangazo viache viwe vya huko vinakotoka. Ukimwambia mtoto kwamba Santa anateleza kwenye theluji, naye anatokwa jasho hata akiwa amelala, umemfungulia swali ambalo huna jibu lake.

Kuhusu kutoingia ndani, nilijifunza kwa shida. Mwaka wa kwanza nilimsimulia binti yangu hadithi ya bomba la moshi, halafu, kwa kuwa paa letu ni la makuti, nikaibadilisha nikasema Santa ana ufunguo wa kila nyumba. Hakulala. Saa saba usiku alikuwa amekaa kitandani akilia: mwanamume asiyemjua ana ufunguo wetu! Na kweli, mtaani kwetu anayeingia nyumba ya watu usiku ana jina moja tu, nalo si Santa.

Tahadhari: usiongeze madoido. Kila jambo unalolibuni leo ni jambo utakaloulizwa kesho, na nyanya atalijibu vingine.

Utajuaje imefaulu: muulize kila mkubwa peke yake, "Santa huacha zawadi wapi?" Wote waseme barazani, bila kufikiri.

## Hatua ya 2: Punguza matangazo kabla hayajachacha

Anza na simu. Mtoto akitazama katuni kwenye YouTube, kila dakika chache anakatizwa na mtu anayeuza kitu, na kuanzia Novemba mtu huyo amevaa kofia nyekundu. Weka katuni kwenye flashi, uichomeke kwenye runinga. Flashi haina matangazo, na bando lako litapumzika.

Kisha supamaketi. Kuanzia katikati ya Novemba nenda peke yako, au mpeleke mtoto sokoni badala yake. Soko halina Santa. Lina maembe, na muuza maembe anayejua jina la mtoto wako.

Hutayazuia matangazo yote, wala usijaribu. Bango liko barabara ya Lamu, redio iko ndani ya tuktuk. Yale yasiyokwepeka, yageuze mchezo. Unaitwa "Wanauza nini?" Mnaona bango, unamuuliza mtoto: hapa wanauza nini? Akikosea mnacheka, akipata unampongeza. Mwanzoni atasema, "Wanauza Santa." Siku ya tatu atasema, "Wanauza soda, Santa wamemchora tu."

Mchezo huu si wa kupitisha wakati tu. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2004 kwamba watoto walio chini ya miaka 8 kwa kawaida hawatambui kuwa tangazo limetengenezwa ili kuwashawishi. Kwao ni habari kama habari nyingine. Bango likisema Santa anauza magodoro, basi kazi yake ni magodoro. Mtoto anayejua kutenganisha picha na bidhaa ana mahali pa kumweka Santa wake mbali na duka.

Tahadhari: usilitukane tangazo wala kumkaripia mtoto akilipenda. Ukimkataza jambo kwa ukali, ataenda kulitazama kwa jirani.

Utajuaje imefaulu: siku moja, bila kuulizwa, atakuonyesha bango akuambie wanauza nini.

## Hatua ya 3: Sema ukweli kuhusu Santa wa dukani na hotelini

Hii ndiyo hatua iliyowaangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Desemba ni msimu wa wageni. Hoteli za Malindi na Watamu zimejaa, Waitaliano wengi wako mjini, na katika sherehe zao Babbo Natale, yaani Santa wa Kiitaliano, hutokea kando ya bwawa la kuogelea na gunia lake. Supamaketi nayo ina wake mlangoni. Kituo cha mafuta kina wake. Mtoto anaweza kuwaona watatu kwa siku moja, mmoja mnene, mmoja mwembamba, wa tatu ndevu zimemshuka hadi kifuani kwa joto.

Mzazi hufanya nini? Humsukuma mtoto mbele: "Nenda, yule ndiye Santa mwenyewe, kapige picha!"

Hapo ndipo mambo huharibika. Miaka ya nyuma nilimpeleka kijana wangu kwa Santa wa duka moja. Alimtazama juu hadi chini, akamkazia macho miguuni, akanigeukia na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mizani ya viazi: "Mama, huyu ndiye anayetuletea maji." Ndiye kweli. Alikuwa na kandambili zilezile, ya kushoto imefungwa kwa waya. Mzee wa watu alijitahidi kucheka ho-ho-ho, lakini mtoto alishamwamkia: "Shikamoo, baba."

Tangu hapo nawaambia watoto wangu mapema, kabla hatujafika: "Tutakutana na watu waliovaa kama Santa. Wamevaa kwa furaha ya sikukuu, wengine ni kazi yao. Santa wetu huja usiku, na hakuna anayemwona."

Utaogopa kwamba ukisema hivyo umeivunja hadithi kwa mkono wako. Hapana. Mtoto anajua kabisa maana ya kuvaa kama mtu. Mwezi wa Novemba shuleni alivaa kama mchungaji wa kondoo kwenye igizo la kuzaliwa kwa Yesu, na hakuna aliyedhani wachungaji hawapo. Kinachovunja ni kumwapia kwamba huyu ndiye, kisha akagundua siye.

Ukitaka kujipa moyo, jua kwamba Santa wa dukani anayetajwa sana kuwa wa kwanza alikuwa mwenye duka aliyejivika mavazi. Mwaka 1890, huko Brockton katika jimbo la Massachusetts, mfanyabiashara James Edgar alivaa mavazi ya Santa akatembea dukani mwake, na familia zikaanza kufunga safari kuja kumwona. Hajifichi nyuma ya muujiza wowote. Ni biashara nzuri, wala sina ugomvi nayo. Sitaki tu ishike funguo za hadithi ya nyumbani kwangu.

Picha mpigeni mkipenda. Mtoto amsalimie kwa adabu kama anavyomsalimia mtu mzima yeyote.

Tahadhari: usimlazimishe mtoto anayelia kukaa kwenye mapaja ya mtu asiyemjua. Tunawafundisha mwaka mzima wakatae jambo hilo, halafu Desemba tunawasukuma kwa sababu ya picha.

Utajuaje imefaulu: anamwona Santa wa tatu, anampungia mkono, anaendelea na aiskrimu yake.

## Hatua ya 4: Barua (tarehe 1 hadi 10 Desemba)

Mtoto aandike au achore barua yenye mambo mawili: kitu kidogo anachokitaka, na kitu anachotaka mtu mwingine apate. La pili ndilo linalofanya kazi. Matangazo humuuliza mtoto swali moja tu, "wewe unataka nini?", na barua yenye swali hilo peke yake huwa orodha ya manunuzi. Mwaka jana binti yangu alimwombea nyanya yake macho. Tukampeleka nyanya kupimwa miwani Januari, na binti bado anaamini ni barua yake. Siwezi kusema amekosea.

Akiandika baiskeli, simu au kitu alichokiona kwenye tangazo, usiseme "Santa hana pesa." Sema: "Santa huleta kitu kinachoingia kwenye kikapu." Kikapu ni kidogo, mtoto anakiona mwenyewe, mjadala umekwisha. Ndiyo maana nimesisitiza kikapu kidogo.

Barua iwekwe kikapuni barazani usiku, uichukue kabla hakujapambazuka. Usiitupe kwenye pipa la taka. Najua nyumba mbili ambako barua ilikutwa chini ya maganda ya ndizi. Mpe yule mtu wako wa siri akaiweke kwake. Ikipita miaka 20 utataka kuisoma tena.

Kuna watoto watakaouliza Santa anaishi wapi. Wafini wanasema yuko kwao Rovaniemi, penye mstari wa Aktiki, na kuna posta huko inayopokea barua za watoto kutoka nchi nyingi. Ukipenda unaweza kutuma ya kwenu. Mimi siitumi, kikapu kinatosha.

## Hatua ya 5: Zawadi kubwa ni ya wazazi, ndogo ni ya Santa

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii.

Baiskeli, viatu, nguo ya sikukuu, tableti kama unaiweza: vyote ni vya baba na mama, mtoto aambiwe wazi kwamba tumekununulia, tulidunduliza tangu Agosti. Cha Santa kiwe kidogo.

Sababu ya kwanza iko darasani kwangu. Januari nikiwauliza watoto walipata nini, mmoja husema Santa alimletea baiskeli. Aliyekaa naye dawati moja, mama yake anauza samaki wa kukaanga, alipata penseli. Nimewahi kumwona mtoto akihesabu makosa yake ya mwaka mzima kwa vidole, akitafuta lililomkosesha baiskeli. Umri wa miaka 6. Baiskeli ikiwa ya wazazi, anaelewa: wazazi wale wana pesa zaidi. Hilo analiona kila siku na halimuumizi vile. Santa akiwa ndiye mwenye baiskeli, basi Santa anawapenda wenye nacho.

Sababu ya pili ni ya imani yenyewe. Kitu kikubwa kina bei, boksi, waranti na tangazo. Mtoto aliyekiona dukani kikiuzwa shilingi 9,000, akakikuta asubuhi na jina la Santa, ataunganisha mwenyewe. Kitu kidogo kisicho na bango popote hakimpeleki dukani.

Zinazofaa: gololi kwenye kifuko, kamba ya kurukia, pia ya kuzungusha, kalamu za rangi, kitabu kidogo cha hadithi, na, bora kuliko zote, tiara iliyotengenezwa kwa mkono. Kaskazi inavuma, ufuo uko pale, na tiara ya njiti za makuti na karatasi haiuzwi na bango lolote. Mtu wako wa siri akijua kuitengeneza, una bahati.

Ukinunua dukani, fanya hivi siku hiyohiyo:

1. Toa boksi, kibandiko cha bei na mfuko wa duka. Vyote viondoke nyumbani.
2. Funga kwa leso kuukuu, siyo karatasi ya zawadi. Watoto hutambua karatasi ya duka kwa picha zake.
3. Andika jina la mtoto kwa ile kalamu asiyoijua, kwa herufi kubwa, kwa mkono usiotumia siku zote. Mtoto wa PP2 anaujua mwandiko wa mama yake kuliko benki inavyoujua.
4. Peleka kwa mtu wa siri. Mvunguni, juu ya kabati na nyuma ya mtungi wa gesi ndipo wanapoanza kutafuta.

Tahadhari kubwa: usimtumie Santa kama kiboko. "Ukikataa uji, Santa hakuletei" ni maneno matamu mdomoni, lakini tarehe 25 utaleta tu, na mtoto atajua kwamba Santa na wewe wote hamsimamii neno lenu.

Utajuaje imefaulu: ukiulizwa "Santa alikuletea nini?", mtoto anataja kitu cha shilingi 100 kwa furaha ileile anayotajia viatu.

## Hatua ya 6: Usiku wa tarehe 24

Panga kwa saa, kwa sababu usiku huo umechoka na mkesha kanisani huchelewa.

Saa kumi na moja jioni. Watoto watundike vikapu kwenye nondo za dirisha la barazani, wafunge na tawi la mvinje. Mishumaa hapana. Paa la makuti mwezi wa kaskazi ni kavu kama kibiriti, na upepo hauna simile. Taa ndogo ya betri inatosha.

Saa mbili usiku. Wamwandalie Santa chakula. Mahamri mawili na kikombe cha chai ya maziwa, siyo biskuti za kwenye tangazo. Hapa ndipo sinia linapohitajika: weka maji kidogo ndani ya sinia, simamisha sahani katikati, funika kwa kawa. Bila hivyo sisimizi watafika kabla ya Santa. Mwaka mmoja niliacha kaimati wazi, asubuhi tukakuta paka amelala kando ya sahani tupu, na mtoto akahitimisha kwamba Santa ni paka. Mwaka mzima alikuwa akimwamkia.

Saa tatu. Kitandani. Wakirudi misani wamelala mabegani, hata bora zaidi. Wengine hupenda kufuatilia Santa kwenye ramani ya intaneti ya NORAD, kikosi cha pamoja cha Marekani na Kanada cha ulinzi wa anga. Jambo lile nalo, inavyosimuliwa, lilianza kwa tangazo: mwaka 1955 tangazo la duka huko Colorado Springs liliwapa watoto namba ya simu ya kuzungumza na Santa, simu zikaita kwa wanajeshi, na ofisa wa zamu akaamua kuwajibu. Mnaweza kutazama mara moja kabla ya kulala. Mkikesha nayo, mtoto hatalala na kazi yako yote itakwama.

Saa sita usiku. Mtu wa siri alete zawadi. Awatumie ujumbe, asipige simu, asibishe. Weka zawadi, mega mahamri moja, kunywa nusu ya chai. Nyunyizia mchanga mbele ya baraza, bonyeza nyayo za makubazi nne au tano. Tumia makubazi yote mawili, la kulia na la kushoto, na yaelekee kuja na kurudi.

Saa kumi na moja alfajiri. Amka kabla ya kunguru. Ndiyo, kunguru. Hawa wa Malindi hawaachi mahamri, na nimewahi kumwona mmoja akivuta leso kutoka kikapuni. Kaa na chai yako barazani mpaka watoto waamke. Ukiulizwa, umetoka kupunga upepo.

## Hatua ya 7: Asubuhi ya tarehe 25

Simu iwe mfukoni. Mtoto akifungua zawadi mbele ya kamera anaigiza, na mtoto anayeigiza Krismasi ameshaingia ndani ya tangazo. Picha moja mwishoni inatosha.

Jambo la majirani lifikirie kabla. Malindi hatuishi peke yetu: ukuta wa pili ni Waislamu, na watoto wao hawana Santa. Mwambie mwanao hivi: "Wao wana Idi yao, nasi tuna Krismasi yetu. Idi uliletewa sahani na ukapewa mkono wa Idi. Leo ni zamu yetu kupeleka." Kisha mpe sahani ya pilau na visheti apeleke mwenyewe. Asiende kuulizia nani kaletewa nini. Na mtoto wa jirani akisema Santa hayupo, mwanao hahitaji kubishana: "Kwenu haji, kwetu huja." Nimewasikia watoto wakilimaliza suala hilo kwa sentensi hiyo moja, wakaendelea kurusha tiara pamoja.

## Hatua ya 8: Siku ya swali

Itafika. Wengi huuliza kwa dhati kati ya miaka 7 na 9, na wala si msiba. Lengo la hatua zote zilizotangulia ni swali lile lije kwa wakati wake, kutoka kichwani mwake, lisiletwe na bango la magodoro akiwa na miaka 5.

Kwanza pima swali. Akiuliza, "Santa hupitaje usiku mmoja dunia nzima?" huyo bado anataka hadithi. Mrudishie: "Wewe waonaje?" Atakujibu mwenyewe, tena vizuri kuliko wewe. Akikaa kimya, akakutazama machoni na kusema, "Mama, niambie kweli, ni wewe?" basi usimdanganye. Ukimdanganya hapo, hutalipa kwa Santa tu.

Mwambie habari ya mtu aliyeanzisha. Alikuwako Nikolao, askofu wa Myra katika karne ya 4, mji ulioko Uturuki ya leo. Inasimuliwa kwamba baba mmoja maskini alikuwa na binti watatu na hana cha kuwaozea, na Nikolao akawarushia dhahabu dirishani usiku, ili asijulikane. Mabaharia walimfanya msimamizi wao. Mwaka 1087 mifupa yake ilipelekwa Bari, Italia, kwa hiyo hata Waitaliano wa hapa wanamjua, na sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Toka hapo, mwambie, watu wamekuwa wakifanya kazi yake kwa siri. Sasa na wewe umekuwa mkubwa, ingia kazini.

Kisha mpe kazi kweli, mwaka huohuo: kikapu cha mdogo wake, au cha mtoto wa jirani Mkristo aliyepungukiwa. Achague zawadi, aifunge, aandike kwa mkono wa kushoto, asimwambie mtu.

Tahadhari: mpe sharti moja tu, kwamba wadogo wafike kwenye swali lao wenyewe. Wengi hulinda siri hii kuliko watu wazima.

Kijana wangu, yule wa "anayetuletea maji", alianza kazi akiwa na miaka 9. Saa sita usiku nilimwamsha, akatoka barazani kimyakimya, akaweka kikapu cha dada yake, akala mahamri nusu kwa heshima ya shughuli. Nikampa kubazi la baba yake apige nyayo kwenye mchanga. Akaligeuza, akanitazama.

"Na la kushoto liko wapi?"

Nikamwambia mimi hutumia moja tu.

"Najua," akasema. "Tangu nikiwa PP2 Santa wetu ana mguu mmoja." Akaingia ndani kulitafuta la pili.